Dawa za moyo na mzani wa asubuhi

Mgonjwa akiingia wodini usiku, pumzi zimembana na miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii, muuguzi mzoefu humuuliza swali linalowashangaza ndugu zake: "Baba, nyumbani unalalia mito mingapi?" Akijibu kwamba ni mitatu, na kwamba siku hizi kuna usiku anaoumaliza kwenye kiti, muuguzi ameshajua mengi kabla ya kipimo chochote. Mwenye moyo dhaifu akilala chali, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye mzunguko wa damu. Moyo hauna nguvu ya kuyasukuma yote, na yanayobaki nyuma huvuja mapafuni. Ndiyo maana hushtuka saa nane za usiku akitafuta dirisha.

Hospitalini ugonjwa huu huandikwa kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi. Moyo haujasimama, unasukuma, ila kwa nguvu isiyotosha mahitaji ya mwili. Kwetu si ugonjwa wa wazee peke yao. Utafiti wa wagonjwa 427 wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha ya kupanda, asilimia 45. Kulegea kwa misuli ya moyo kulifuata kwa asilimia 28, na madhara ya homa ya baridi yabisi kwenye valvu yalikuwa asilimia 12. Utafiti mwingine wa mwaka 2012, uliokusanya wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulipata wastani wa miaka 52. Ndani ya siku 180, karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Hao ni watu wa umri wa kulea na kusomesha watoto.

Kinachonisumbua katika takwimu hizo ni kwamba dawa nyingi zenye nguvu dhidi ya ugonjwa huu si ngeni wala si za anasa. Furosemidi, enalaprili, bisoprololi, spironolaktoni na digoksini zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini hakuna hata moja kati yake inayofaa kumezwa bila mtu wa kuitazama ikifanya kazi. Kila moja ina kitu cha kupimwa kabla yake na kingine cha kupimwa baada yake, na kazi hiyo ni ya muuguzi. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya tiba, na ndiyo nusu tunayoipunja.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayomleta mgonjwa hospitalini. Moyo ukisukuma damu kidogo, figo hupata damu kidogo. Figo hazijui kwamba tatizo liko kwenye moyo. Hudhani mwili umepungukiwa maji, kwa hiyo huanza kushikilia chumvi na maji. Homoni zinazohusika hubana mishipa, na adrenalini huuharakisha moyo. Mwili unajaribu kujiokoa, na jitihada hiyo hiyo ndiyo inayomzamisha mgonjwa.

Furosemidi huzilazimisha figo kuachia chumvi, na maji huifuata. Ikidungwa mshipani huanza kazi ndani ya dakika chache. Kidonge huanza ndani ya saa moja na huendelea kwa saa 6 au zaidi. Kutokana na hilo, dozi hutolewa asubuhi, na kama kuna ya pili itolewe mapema alasiri. Dozi ya saa mbili usiku humfanya mzee mwenye kizunguzungu ainuke gizani mara kwa mara kutafuta choo, na hapo ndipo watu huanguka na kuvunjika nyonga.

Kumpa sindano ni kazi ya dakika moja. Kazi ndefu ni kujua imefanya nini. Muuguzi humkalisha mgonjwa kichwa na mgongo vikiwa vimeinuka, humpa oksijeni kipimo cha kidoleni kikiwa chini ya asilimia 90, kisha humwekea chupa ya kupimia mkojo karibu na kitanda. Kila kikombe cha chai, kila chupa ya dripu na kila mkojo huandikwa kwenye chati ya maji. Nimeona chati nyingi ambazo safu ya maji yaliyoingia imejazwa vizuri, na safu ya yaliyotoka imeandikwa tu "amekojoa". Hiyo haimsaidii daktari wa zamu ya asubuhi, anayetakiwa kuamua kama dozi iongezwe au iachwe.

Kipimo kinachoaminika kuliko chati ni mzani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu hawezi kunenepa kilo mbili kwa siku tatu. Kilo hizo ni maji. Mgonjwa apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai, kwenye mzani ule ule, akiwa na nguo zinazofanana. Baada ya hapo muuguzi humbonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akaachia na kutazama shimo linalobaki. Kwa aliyelala siku nyingi, abonyeze pia chini ya mgongo, kwa sababu maji hufuata upande wa chini; miguu inaweza kuonekana imekauka huku kiuno kimejaa. Ngozi iliyojaa maji huchanika upesi, kwa hiyo kumgeuza mgonjwa na kukagua visigino na makalio yake ni sehemu ya tiba ya moyo.

Furosemidi humpa mgonjwa nafuu ya haraka, ila dawa zinazorefusha maisha ni nyingine. Mwaka 1987 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 253 waliokuwa mahututi ulionyesha kwamba katika miezi 6 walikufa asilimia 26 ya waliopewa enalaprili, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Enalaprili na kaptoprili hulegeza mishipa na kuzizuia zile homoni zinazozidanganya figo. Kundi hili la dawa lina asili ya kustaajabisha: lilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca.

Dozi za mwanzo zinaweza kushusha presha. Muuguzi humpima mgonjwa akiwa amelala na tena akiwa amesimama, na humfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kuinuka. Hapa kuna desturi ninayoipinga. Presha ya juu ikisoma 95, baadhi yetu huiweka dozi kando na kuandika tu kwamba presha ilikuwa chini. Kama mgonjwa huyo anatembea bila kizunguzungu, anakojoa vizuri na akili yake imetulia, huenda 95 ndiyo presha inayomfaa moyo wake. Kabla ya kumnyima, daktari aulizwe.

Dawa hizi pia huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa kutoa makohozi, na ni sawa kupima. Lakini muuguzi anaweza kusaidia kutofautisha. Kikohozi kinachozidi anapolala, huku uzito ukipanda, ni cha maji. Kikavu cha mchana na usiku, kilichoanza baada ya dawa mpya na mzani haujasogea, huenda ni cha dawa, na losartani inaweza kuchukua nafasi yake. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa aulizwe hedhi yake ya mwisho kabla ya kuanzishiwa kidonge chochote kati ya hivi, kwani humdhuru mtoto tumboni. Na mama aliyejifungua karibuni akilalamika kukosa pumzi, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Moyo wa mzazi unaweza kulegea katika kipindi hicho hicho.

Bisoprololi na kavediloli huwachanganya wengi, kwa kuwa hupunguza kasi ya moyo ambao tayari ni dhaifu. Adrenalini huufanyia moyo kama bakora kwa punda aliyechoka: atakimbia hatua chache, kisha ataanguka. Dawa hizi huondoa bakora. Mwaka 1999 tafiti mbili kubwa, moja ya bisoprololi na nyingine ya metoprololi, zilionyesha kwamba vifo hupungua kwa takriban theluthi moja. Sharti lake ni subira. Huanzishwa maji yakishapungua, kwa dozi ndogo kama miligramu 1.25 ya bisoprololi, na hupandishwa polepole kila baada ya wiki mbili au zaidi. Wiki za mwanzo mgonjwa huweza kujisikia mzito na mchovu. Asipoambiwa mapema, ataziacha mwenyewe, na kuziacha ghafla ni hatari.

Spironolaktoni, dozi ya miligramu 25, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika utafiti wa mwaka huo huo wa 1999. Hubakiza potasiamu mwilini, na enalaprili nayo hufanya hivyo, ilhali furosemidi huipoteza. Potasiamu ikizidi au ikipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika, na mara nyingi mgonjwa hasikii dalili yoyote kabla. Kipimo cha damu baada ya wiki moja na kingine baada ya wiki nne hakina mbadala. Siku hizi imeongezeka dapagliflozini, dawa ya kisukari ambayo mwaka 2019 ilithibitika kuusaidia moyo dhaifu hata kwa asiye na kisukari, ingawa kwa wengi bei yake bado ni mzigo.

Digoksini ndiyo kongwe kuliko zote, na hakuna inayodai macho ya muuguzi kama hiyo. Mwaka 1785 daktari wa Birmingham, William Withering, alichapisha kitabu kuhusu mmea ambao dawa za jamii hii hutokana nao. Aliandika kwamba ukizidi huleta kichefuchefu na kutapika, mgonjwa huona vitu vyenye rangi ya kijani au manjano, na mapigo hushuka hadi 35 kwa dakika. Withering hakuwa na maabara ya kupima damu. Alikaa karibu na kitanda akatazama. Hadi leo muuguzi huweka stethoskopu chini ya titi la kushoto na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne, maana moyo usiopiga sawasawa hudanganya kwenye sekunde 15. Yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima, dozi husimama na daktari huitwa. Mzee anayetumia digoksini akikataa chakula siku mbili mfululizo, usikimbilie kusema hapendi uji wa hospitali. Fikiria dawa kwanza, hasa kama anatumia furosemidi pia, kwa sababu potasiamu ikishuka sumu ya digoksini huongezeka.

Yote hayo yanaweza kufanyika vizuri, kisha yakaharibika siku ya ruhusa. Mgonjwa anaitwa, anapewa mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, ndugu wanaharakisha kuwahi gari. Ningependa maelezo ya siku ile yahesabiwe kama dozi: yawe na muda wake na saini yake, na mgonjwa ayarudie kwa maneno yake mwenyewe.

Aelezwe chumvi ya chakula anachokila kweli. Kumwambia "punguza chumvi" hakutoshi, kwani atajibu kwamba haongezi mezani. Aulizwe kuhusu papa na nguru wa chumvi, viungo vya pakiti vya mchuzi, na magadi yanayolainisha maharage, ambayo nayo ni sodiamu. Aambiwe pia kwamba diklofenaki na ibuprofeni anazonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo huzifanya figo zishikilie chumvi upya, na zinaweza kumrudisha wodini ndani ya siku chache. Parasetamoli ni salama zaidi kwake, ila si ile ya kuyeyusha kwenye maji, maana ina sodiamu nyingi.

Kwa Waislamu, suala la Ramadhani lizungumzwe mapema, tangu Shaabani. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, lakini wengi hufunga kimya kimya na kumeza dawa zote kwa mpigo wakati wa futari. Akisema mapema, daktari anaweza kupanga upya saa za dozi, au kumweleza wazi kwamba kwa hali yake asifunge.

Na ajue la kufanya nyumbani. Ambaye hana mzani anaweza kupima zahanati, au kwa vijana wanaokaa na mizani stendi na sokoni, mradi iwe kwenye mzani ule ule na saa ile ile. Siku ya ruhusa muuguzi amwandikie kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, uzito aliotoka nao na namba ya simu ya kliniki. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, mito ikiongezeka, au kuvimba kukivuka kifundo cha mguu kuelekea gotini, apige simu siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe. Kifua kikimbana au akikosa pumzi akiwa ameketi tu, aende hospitali moja kwa moja. Ndugu anayelala naye nyumba moja aisome karatasi hiyo kabla hawajatoka wodini.