Tairi Pana Mbele: Kabla Hujamwambia Fundi "Weka Tu"

Likizo iliyopita niliendesha boda ya mjomba, Boxer, hapa Naliendele, ili nipate hela ya kujikimu chuoni. Ukishaacha lami tu uko mchangani, na humo tairi jembamba la mbele linakwenda linakotaka lenyewe. Vijana wa kijiweni wakanishauri: "Funga tatu mbele, utaniambia." Fundi alimaliza kazi haraka. Siku ya tano nikaanguka na abiria.

Nianze na namba, maana wengi tunazisoma tu bila kujua zinasema nini. Boxer hutoka na tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Kwa kuwa zote ni 17, la nyuma linaingia mbele bila ubishi, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Robo inchi ni kama milimita 6. Utasema si kitu. Lakini tairi za namba hizi zikiongezeka upana huongezeka na kimo, karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo linasogea kama milimita 3 kila upande kwenye miguu ya shokapu, na milimita 6 kuelekea madigadi. Gurudumu zima linakuwa kubwa kwa asilimia 2 hivi, yaani mshale wa spidi ukisoma 50, kumbe wewe uko 51. Hilo halikunisumbua. Kilichoniangusha ni ile nafasi chini ya madigadi.

Kwenye mchanga mkavu ilikuwa raha, sitasema uongo. Kisha mvua ikanyesha, nikampakia mama mmoja anayelima mpunga Kitere. Tope la mpunga lina tabia yake: linashika tairi, linazunguka nalo, linabaki juu. Pale juu kidole changu cha mwisho kilikuwa hakipiti. Likajaa, likakaza, gurudumu likagoma. Hatukuwa na mwendo mkubwa, ila mama alitua kwa mkono. Kifundo kilivimba, palizi akaikosa wiki mbili nzima. Nilipokwenda kumwona alinitangulia yeye: "Pole mwanangu, hukuumia?" Nilikosa hata pa kuangalia.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alijaza upepo kwanza ndipo akapima. Tairi lisilo na upepo ni jembamba, litakudanganya. Akazungusha gurudumu polepole huku akipitisha kidole juu na pembeni. Akanikalisha mbele nizamishe shokapu, aone madigadi yakiinuliwa yatagonga wapi. Yangegonga. Kazi ikaishia hapo.

Akanionyesha na meno. Tairi langu la nyuma lilikuwa na vipande vipana vya kusukuma. La mbele lilikuwa na mistari mirefu ya kushika njia. Ukiliazima la nyuma bila kuangalia ule mshale ubavuni, unakosa hata hicho.

Kuna rafiki yangu bwenini aliniuliza, mbona Harley-Davidson Fat Boy, ile ya Schwarzenegger kwenye Terminator 2 ya mwaka 1991, ina tairi nene mbele? Sawa kaka, lakini ile ilizaliwa hivyo: ringi pana, shokapu zimeachana, madigadi ya kutosha. Hawakubadilisha tairi peke yake.

Kwa mchanga, mzee aliniambia nipunguze upepo kidogo na niurudishe kabla ya lami. Kidogo tu, kwa sababu ukizidisha, tyubu inahama ndani na kukatika kwenye valvu, na hapo utasukuma pikipiki mpaka Naliendele.

Ile 3.00 sikuitupa. Iko nyuma sasa, na mchanga inaumudu vizuri tu.