Jijue kwa yale unayoyathamini

Ukiulizwa ni nini unachokithamini zaidi maishani, huenda ukajibu upesi: familia, dini, afya. Lakini hebu chukua kalamu uandike jinsi ulivyotumia mshahara na wakati wako mwezi uliopita. Je, majibu hayo yanalingana? Yakitofautiana, huenda ndiyo sababu moyo wako hautulii.

Chagua mambo matatu usiyokubali kuyapoteza, kisha ueleze ni kwa nini. Zoezi hili huufaa mwili pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba waliotafakari wanayoyathamini kabla ya kuhutubu na kupiga hesabu mbele ya watu, kotisoli, homoni ya wasiwasi, haikuwapanda kama wenzao.

Anza jioni hii, kabla ya kuwasha televisheni.