BOMBA LA MAJI MACHAFU LIKIZIBA

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndivyo wasemavyo wazee wetu, na ni kweli. Lakini katika bomba la maji machafu hasara huja kwa njia nyingine: huja kwa kukiacha kilichoziba kikae. Maji ya kuoshea vyombo yakianza kushuka polepole, mwenye nyumba husema, "Yatashuka tu." Baada ya siku chache hayashuki tena. Yasimama, yanuka, na mwisho yafurika hadi uani wanapocheza watoto.

Jambo hili si la harufu tu. Maji machafu yaliyosimama ndiyo makao ayapendayo mbu aitwaye Culex. Katika nchi ya joto, yai lake huweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku kumi hivi. Na huko pwani mbu huyo ni mmoja wa wale waenezao ugonjwa wa matende na mabusha. Tena watoto wachezao katika maji hayo huweza kupata ugonjwa wa kuhara.

Ni kitu gani kizibacho bomba? Jikoni, mara nyingi ni mafuta. Yakiwa moto hupita kama maji, lakini yakipoa huganda ndani ya bomba na kushika makombo ya ugali, majani ya chai na mchanga wa kusugulia sufuria. Bafuni ni nywele na vipande vya sabuni.

Uchafu huo hupenda kukaa chini ya sinki, pale bomba lilipopindwa kama shingo ya bata. Wengine hudhani kwamba fundi alikosea kulipinda. Sivyo. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa katika mji wa London, alipewa hati ya uvumbuzi kwa choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo. Maji kidogo hubaki katika shingo hiyo yakawa kama mlango, hewa mbaya isipande nyumbani. Basi usiiondoe, isafishe.

Kwanza tafuta mahali palipoziba. Ikiwa ni sinki moja tu lisilopitisha maji, kizuizi ki karibu nalo. Ikiwa yote yamesimama, kizuizi ki katika bomba kubwa la nje. Hapo funua shimo la kukagulia lililo nje ya nyumba. Likiwa limejaa, palipoziba ni mbele yake. Likiwa tupu, ni kati yake na nyumba.

Kwa sinki, fanya hivi:

1. Teka maji yaliyosimama, kisha mimina maji ya moto yenye sabuni. Ikiwa bomba ni la plastiki, maji yasiwe ya kuchemka, maana yatalilegeza.

2. Yasiposhuka, chukua mpira wa kuzibulia wenye mpini. Funika tundu la sinki kwa mpira huo, tia maji hadi yaufunike ukingo wake, kisha sukuma na kuvuta kwa nguvu mara ishirini hivi. Kama sinki lina tundu la pili juu, lizibe kwa kitambaa kilicholowa, ama sivyo nguvu yote itapotelea huko.

3. Bado? Weka ndoo chini ya ile shingo, ifungue, itoe uchafu na kuiosha. Maji ya ndoo hiyo usiyamwage katika sinki ulilolifungua! Wengi wamefanya hivyo wakalowa miguu.

Bomba la nje huzibuliwa kwa fito maalum ziungwazo kwa skrubu. Zizungushe upande wa kulia tu. Ukizigeuza kushoto zitaachana na kubaki ndani. Usitumie kijiti cha kuokota, kwa kuwa huvunjika na kuwa kizuizi cha pili.

Jihadhari sana na soda kali ya kutengenezea sabuni. Ikikutana na maji hutoa joto kali, nayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Ikikurukia, jioshe papo hapo kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Wala mtu asishike bomba lililokwisha kutiwa soda bila kuambiwa.

Lakini kinga yapita dawa. Pangusa mafuta ya sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na uweke kichujio kwenye tundu la sinki. Kwa mwenye nyumba ya shamba ambaye bomba lake laishia katika shimo la kunywea maji, shauri ni lilo hilo, kwa sababu mafuta huziba udongo pia. Na katika nyumba za kupanga bomba moja hutumiwa na jamaa nyingi. Mafuta amwagayo mmoja juu hurudi kama maji machafu mlangoni pa mwenziwe wa chini.