Usingizi, Giza la Usiku na Vidonge vya Melatonini

Katika neema za Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ambazo waja hawazihesabu mpaka ziwatoke, mojawapo ni usingizi. Maskini huupata juu ya mkeka, na tajiri huukosa juu ya godoro la thamani. Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nabaa, imeutaja usingizi kuwa ni mapumziko yetu, na usiku kuwa ni kama vazi lenye kutusitiri, na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Basi si ajabu kwamba mtu aliyekosa usingizi kwa siku nyingi huitafuta dawa kila aelekezwapo.

Siku hizi dawa inayosifiwa sana ni vidonge vya melatonini. Simu iliyo mkononi mwa kijana wa Mukendo, hapa Musoma, yaweza kumletea matangazo yale yale yamfikiayo kijana wa London: kwamba vidonge hivi huleta usingizi, huchelewesha uzee, na huulinda mwili na maradhi. Tumeona inatupasa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, ili kila mwenye nyumba apime mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake na kabla ya kumpa mtoto wake.

Melatonini ni kitu gani?

Ndani kabisa ya ubongo wa mwanadamu mna tezi ndogo, kadiri ya punje ya mchele, iitwayo pineali. Giza linapoingia, tezi hii humimina katika damu kitu hicho kiitwacho melatonini. Aliyekigundua ni Aaron Lerner, tabibu wa maradhi ya ngozi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwaka 1958, nao walikitoa katika tezi za ng'ombe. Walikuwa wakitafuta siri ya rangi ya ngozi, wala habari ya usingizi haikuwa shabaha yao.

Baadaye ilibainika kuwa melatonini ni kama mwadhini wa mwili. Kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Na kama vile mwadhini asivyomkamata mtu kwa nguvu kumtia msikitini, melatonini nayo haimwangushi mtu kama zifanyavyo dawa kali za usingizi. Kisha mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali ukimpata mtu usiku, melatonini yake hupungua. Jambo hili ndilo shina la maneno yetu yote.

Giza tulilopewa na giza tunalolifukuza

Mji wetu wa Musoma uko karibu na Ikweta, kiasi cha digrii moja na nusu kusini yake. Kwa ajili hiyo usiku wetu ni wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua huchwa kiasi cha saa kumi na mbili unusu hadi saa moja. Wako watu kaskazini ya Ulaya ambao wakati wa kiangazi hupata giza la saa chache tu, wakalazimika kuziba madirisha ili walale. Sisi tumepewa giza la kutosha bila ya kulinunua.

Lakini giza hilo twalifukuza wenyewe. Taa nyeupe huwaka mpaka saa sita, televisheni huendelea, na kijana huingia ndani ya chandarua pamoja na simu yake. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2015, watu 12 walisoma saa nne kabla ya kulala, siku nyingine katika kitabu cha karatasi, na siku nyingine katika chombo chenye kioo cha mwanga. Waliposoma katika chombo cha mwanga, melatonini yao ilipungua kwa zaidi ya nusu, wakachelewa kulala kwa karibu dakika 10, na asubuhi wakaamka wazito.

Sasa tazama kidonge chenyewe kinaleta nini. Mwaka 2013 wataalamu walijumlisha matokeo ya uchunguzi 19 uliofanywa kwa watu 1,683 wenye taabu ya usingizi. Waliomeza melatonini walilala mapema kwa dakika 7 tu, na usingizi wao ukaongezeka kwa dakika 8. Hatuwezi kulinganisha uchunguzi huu na ule sawasawa, maana watu wake si wamoja. Hata hivyo mwenye akili ataona ya kwamba anayetumia simu mpaka saa sita kisha akameza kidonge, huenda ananunua kwa fedha kile kile alichokitupa bure.

Yaliyomo ndani ya chupa

Kule Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, melatonini huuzwa kama nyongeza ya chakula. Mwenye kuiuza halazimiki kuthibitisha faida yake kwanza, kama afanyavyo mtengenezaji wa dawa. Uingereza haiuzwi hivyo. Hutolewa kwa cheti cha daktari. Na Umoja wa Ulaya uliikubali mwaka 2007 kuwa dawa, kidonge cha miligramu 2, kwa watu wa umri wa miaka 55 na zaidi wenye usingizi mbaya.

Mwaka 2017 wataalamu wa Kanada walipima aina 31 za melatonini za madukani. Nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 kuliko ilivyoandikwa juu ya chupa, na nyingine zilizidi kwa asilimia 478. Aina 8 zilikuwa na serotonini, kitu kingine kabisa ambacho hakikuandikwa. Mwaka 2023 zilipimwa Marekani aina 25 za peremende laini za melatonini. 22 hazikulingana na maandishi yake, na moja haikuwa na melatonini hata chembe.

Peremende! Jina hilo peke yake lamtosha mzazi kuogopa. Huko huko Marekani, habari za watoto waliomeza melatonini zilizofikishwa kwenye vituo vya shauri la sumu zilikuwa 8,337 mwaka 2012. Mwaka 2021 zilifika 52,563. Wengi wao hawakupata madhara, lakini wako waliolazwa hospitali, na wako waliokufa. Dawa yenye utamu na rangi za kupendeza haiwekwi mahali mkono wa mtoto unapofika.

Tena liko jambo la dini. Melatonini si kileo, na ya siku hizi kwa kawaida hutengenezwa viwandani. Lakini peremende hizo na magamba ya vidonge vingi hufanywa kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Mwislamu asome maandishi, na akiwa na shaka aiache, au amwulize mwanachuoni wake.

Hatusemi kuwa haina faida. Imewafaa wasafiri wanaovuka majira matano na zaidi ya saa, baadhi ya vipofu, na baadhi ya watoto wenye maradhi maalumu, chini ya uangalizi wa daktari. Mwenda Hija wa kwetu hana haja nayo kwa ajili ya safari, kwani saa ya Makka na saa ya Musoma ni moja. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, na anayetumia dawa ya kuyeyusha damu kama warfarin, wasiimeze bila ya kumwuliza daktari. Ama yale madai ya kurudisha ujana, yaliyoenea tangu miaka ya 1990, hayajathibitika kwa wanadamu.

Sunna na nyumba zetu

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya sala ya Isha na kuzungumza baada yake, ila kwa jambo lenye maana. Tena aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala. Sababu iliyotajwa katika hadithi ni hofu ya moto, kwa kuwa panya huweza kuuburura utambi. Wala hatupaswi kumsemesha Mtume habari za tezi. Lakini nyumba inayofuata amri hiyo hupata na giza pia. Na simu ya leo, je, si mazungumzo baada ya Isha yasiyo na mwisho?

Basi baada ya Isha taa zipunguzwe, na simu za wazee na za vijana zilale sebuleni. Chai nzito na kahawa ziachwe tangu alasiri. Watu walale na kuamka kwa saa ile ile, na baada ya Alfajiri watoke nje wapate mwanga wa asubuhi.

Wako ndugu zetu ambao riziki yao imo katika usiku wenyewe. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huwasha taa juu ya maji katika siku zisizo na mbalamwezi, wakarudi asubuhi. Na wako wauguzi na walinzi. Hao wasilaumiwe kwa kulala mchana, bali wapewe giza lao: dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito, na watoto wanyamaze. Adhuhuri hapa Musoma huingia kiasi cha saa sita unusu hadi saa saba, na wakati wake ni mpana. Mwenye kulala saa mbili asubuhi hupata usingizi wa kutosha kisha akaamshwa asali.

Na anayekosa usingizi siku tatu au zaidi katika kila juma, kwa muda wa miezi mitatu, au anayekoroma na pumzi ikimkatika, au aliyeelemewa na huzuni, aende hospitali. Kukosa usingizi si dalili ya upungufu wa imani, na kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyefundisha pia kwamba mwili una haki yake juu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie usiku wenye utulivu na alfajiri yenye uchangamfu. Amin.