Ijumaa ni siku ya dada pia

Unguja. Ikikaribia saa 6 mchana siku ya Ijumaa, maduka mengi ya Darajani hushusha milango, wanaume waliovaa kanzu huelekea misikitini, na ndani ya nyumba za Mji Mkongwe moshi wa udi hugombania nafasi na harufu ya pilau. Watoto wa skuli wameshaanza kurudi. Chuoni nako kimya, kwani kwa desturi vyuo vya Kurani hupumzika Alhamisi na Ijumaa.

Kwa mtoto wa miaka 4, mara nyingi hii ndiyo alasiri pekee ya wiki ambayo dada yake mkubwa hana skuli wala chuo. Yupo tu.

Baada ya chakula, wakubwa wakijinyoosha, mdako huanza sakafuni. Linachorwa duara la chaki, zinawekwa kokoto. Unarusha moja juu, unazikokota nyingine, kisha unaidaka ile ya juu kabla haijaanguka. Vidole vya miaka 4 bado haviwezi. Mdogo anadai arudie. Dada anamwachia mara mbili, ya tatu anakataa, na kelele zinaanza. Mama aliye chumba cha pili asikimbilie kuamua. Wakiachwa kidogo, wengi huelewana wenyewe, na bei ya suluhu huwa punje chache za ubuyu.

Lakini mchezo wenye faida ambayo wazazi hawaioni ni kibe. Nyumba za Mji Mkongwe, zenye ngazi za kona, ua wa ndani na vitanda vya samadari vilivyoinuka, utadhani zilijengwa kwa ajili yake. Mtoto huanza kwa kujificha nyuma ya pazia, miguu yote nje. Dada akiuliza, “Uko wapi?” anajibu, “Niko hapa, dada!” Siku moja ananyamaza. Ameshajua kwamba analolijua yeye, dada halijui.

Mwaka 1994, watafiti Josef Perner, Ted Ruffman na Susan Leekam walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 4. Waliokuwa na ndugu wengi zaidi nyumbani walitangulia kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, ila mzazi aliyewahi kuona watoto wakifichiana kashata hatashangaa.

Raha hii yote huharibiwa na maneno mawili: “Mwangalie mwenzako.” Msichana wa miaka 12 aliyepepeta mchele asubuhi, akaosha vyombo na kuanua nguo, anakabidhiwa mdogo wake hadi magharibi. Hapo si dada tena, ni yaya asiye na mshahara. Atacheza kwa kununa, au atampa simu ili atulie. Kaka wa umri huohuo yuko nje anapiga mpira, na hakuna anayemwita. Kwa nini naye asimwogeshe mdogo wake na kumvisha kanzu kabla ya sala? Mikono anayo.

Simu nayo ina kipimo chake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili, zikiwemo 60 za kumtoa jasho. Kupanda na kushuka ngazi za ghorofa akimtafuta dada kunahesabika.

Kwa hiyo mpe binti saa yake kwanza. Alale, asome hadithi, asukwe nywele na shoga yake. Akija kucheza baadaye, atakuwa amekuja mwenyewe, na mdogo huijua tofauti hiyo haraka.

Jua likipoa, familia nyingi huteremka Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Vijana wa makachu wanaruka baharini kwa mitindo yao, watu wanashangilia. Mtoto mdogo ataomba kuruka. Hapo mtu mzima amshike mkono yeye mwenyewe. Ukuta ule hauna kizuizi upande wa maji, na kazi hiyo haimfai mtoto wa miaka 12.

Kisha bakuli moja la urojo, vijiko viwili. Wa mdogo uombe usitiwe pilipili. Dada anachukua bajia, mdogo anataka mbatata zote, na kachori ya mwisho bado inajadiliwa adhana ya magharibi inapoanza.