Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Samaki Walioletwa katika Maziwa ya Atitlán na Kivu

Maziwa ya milimani katika nchi za joto kwa kawaida hayana samaki wa aina nyingi. Volkano huyatenga na mito mingine, na maporomoko huwazuia samaki wa bondeni wasipande. Ziwa Kivu, kwa mfano, lina aina zipatazo 30 tu, ilhali Ziwa Tanganyika, linalopokea maji yake kupitia mto Ruzizi, lina zaidi ya 250. Uchache huo umemshawishi binadamu mara nyingi kuongeza samaki wa kigeni, ama kwa ajili ya burudani ya wavuvi wa ndoano, ama kwa ajili ya chakula. Mifano miwili, iliyotukia karibu katika miaka ileile, yaonyesha jinsi makusudi hayo mawili yalivyozaa matunda tofauti.

Mfano wa kwanza ni Ziwa Atitlán, nchini Guatemala. Ziwa hilo liko kwenye kimo cha meta 1,560 hivi, limezungukwa na volkano, na kandokando yake wanaishi Wamaya. Mwaka 1958 uliletwa humo besi mwenye mdomo mpana, ambaye kisayansi huitwa Micropterus salmoides. Samaki huyo ni mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini. Hupendwa na wavuvi wa burudani kwa kuwa hurukia chambo kwa ukali na kupigana kwa nguvu anaponaswa. Nia ilikuwa kuwavutia watalii.

Lakini besi ni mla nyama. Aliwala samaki wadogo na kaa, ambao walikuwa kitoweo cha wenyeji, na pia makinda ya ndege. Aliyedhurika zaidi ni kibisi mkubwa, Podilymbus gigas, aliyeitwa poc, ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1960 walihesabiwa 200 hivi. Mwaka 1965 walibaki 80 tu. Jitihada za mtaalamu Anne LaBastille ziliwawezesha kuongezeka tena, lakini tetemeko la ardhi la mwaka 1976 lilifuatiwa na kushuka kwa maji, na matete waliyojengea viota yalipungua. Kufikia mwaka 1990 poc alikuwa ametoweka. Haifai basi kumtwika besi lawama yote. Hata hivyo, ndiye aliyeanza kumdhoofisha.

Mfano wa pili ni Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha meta 1,460 hivi, kati ya Kongo na Rwanda. Kina chake hufika meta 485, lakini chini ya meta 60 au 70 maji hayana oksijeni, bali yamejaa gesi ya metani na kaboni dioksidi. Samaki huishi katika tabaka la juu tu. Wataalamu waligundua kwamba katikati ya ziwa kulikuwa na vijidudu vingi vinavyoelea, na hapakuwa na samaki wa kuvila. Kati ya miaka 1958 na 1960 waliletwa kutoka Tanganyika vifaranga vya Limnothrissa miodon, mmoja wa jamii ya ndagala. Watu wa Kivu humwita sambaza. Msikilizaji hukumbuka upesi kitenzi kusambaza, ingawa kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi asili ya neno.

Sambaza hakuja bila hasara: kijidudu kimoja kikubwa cha maji, Daphnia curvirostris, kilitoweka. Baadhi ya wataalamu walitabiri katika miaka ya 1980 kwamba uvuvi wote ungeporomoka. Haukuporomoka. Usiku, wavuvi huwasha taa juu ya mitumbwi iliyounganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi sambaza huuzwa sokoni Bukavu, Goma na vijijini. Ni kitoweo ambacho hata mwenye pesa kidogo huweza kununua kwa mafungu.

Tofauti kati ya maziwa haya mawili haitokani na bahati tu. Besi alichaguliwa kwa kuwa anampendeza mvuvi, akatiwa kati ya viumbe aliowala. Sambaza alichaguliwa baada ya kuchunguzwa kwanza chakula kilichokuwa hakina mlaji, na mavuno yake yakawafikia wakaao ziwani. Hata hivyo, faida hiyo yaweza kupotea pale nyavu za matundu madogo mno zinapozoa vifaranga kabla havijazaa.

Wahenga husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kivu, mgeni alimponya mwenyeji, Atitlán, alimla. Kabla ya kumtia samaki yeyote katika ziwa la milimani, inapasa kuuliza maswali matatu: atakula nini, ataliwa na nani, na nani atanyimwa riziki yake?