Kifua Kikuu cha Ng'ombe, na Sababu ya Dawa Kushindwa

Wasomaji wetu wengi ni wafugaji, na hata asiye na ng'ombe hunywa maziwa ya jirani yake. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za kifua kikuu cha ng'ombe, maradhi yasiyoishia zizini bali hufika mpaka nyumbani kwa watu. Hasa twataka kuonyesha kwa nini dawa moja iliyo mashuhuri katika kutibu kifua kikuu haifai kitu kwa vijidudu vya ng'ombe.

Mwaka 1882 Bwana Robert Koch wa Ujerumani alionyesha kwamba kifua kikuu huletwa na vijidudu. Mwaka 1898 Bwana Theobald Smith wa Marekani akabainisha kwamba vijidudu vya ng'ombe si sawasawa na vile vya watu. Hata hivyo vya ng'ombe vyaweza kumwingia mtu, zaidi kwa maziwa mabichi, na pengine kwa pumzi ya mnyama mgonjwa. Avipataye kwa maziwa, mara nyingi huugua tezi za shingo au tumbo, wala si kifua.

Vijidudu hivyo viwili ni ndugu wa karibu sana. Kila kijidudu kina maandiko ya urithi ndani yake, yenye herufi za namna nne tu, na sehemu ya maandiko yenye kazi yake maalum huitwa jeni. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba maandiko ya kijidudu cha ng'ombe yamesomwa yote. Yana herufi kiasi cha 4,345,000, na katika kila herufi 10,000 zinazolinganishwa na za ndugu yake, hazipati hata 5 zilizo mbali.

Lakini herufi moja yaweza kugeuza maana. Mwalimu ajua kwamba “ng'ombe ataka kula” na “ng'ombe ataka kufa” ni maneno yaliyotengwa na herufi moja, nayo ni habari mbili mbalimbali kabisa. Ndivyo ilivyo hapa. Iko jeni iitwayo pncA, yenye herufi 561. Katika kijidudu cha ng'ombe herufi ya 169 imebadilika, C imekuwa G. Kwa badiliko hilo kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni hiyo hakiwezi tena kazi yake.

Dawa tunayoisema ni pirazinamidi. Dawa hii huingia mwilini ikiwa haijawa kali. Mfano wake ni sumu iliyotiwa ndani ya bweta lililofungwa, na ufunguo anao mwizi mwenyewe. Kijidudu cha watu hulifungua bweta kwa kimeng'enya chake, sumu ikatoka, kikafa. Kijidudu cha ng'ombe ufunguo wake umepinda. Bweta halifunguki, naye mwizi husalimika. Ukaidi huo hakuupata kwa kutumia dawa vibaya, amezaliwa nao.

Uko na ukaidi wa pili, ambao watu huusababisha wenyewe. Vijidudu vinapozaana hunakili maandiko yao, na katika kunakili makosa hutokea. Kosa katika jeni rpoB laweza kuvikinga na rifampisini, na kosa katika katG laweza kuvikinga na isoniazidi. Vilivyokosewa hivyo ni vichache sana. Lakini mgonjwa akitumia dawa moja peke yake, vingine hufa, na hivyo vichache hubaki na kuzaa. Ndiyo sababu ya kutoa dawa kadha pamoja: kinachoikaidi moja huuawa na nyingine.

Sasa msomaji ataona hatari ilipo. Kifua kikuu cha watu kwa desturi hutibiwa miezi 6, na katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa hupewa dawa nne, pirazinamidi ikiwa mojawapo. Aliyeambukizwa na ng'ombe ana dawa tatu tu zenye nguvu. Kwa hiyo madaktari wakijua asili ya ugonjwa wake, mara nyingi humwongezea muda hata kufika miezi 9. Lakini kwa darubini vijidudu hivyo havitambulikani kimoja na kingine. Basi mgonjwa amwambie daktari waziwazi kama afuga ng'ombe au hunywa maziwa mabichi, wala asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu.

Kinga yenyewe si ngumu. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote, ya watoto kwanza. Mganga wa mifugo akija kupima ng'ombe kwa sindano ya ngozi, asifichwe mnyama hata mmoja, na siku ya tatu waletwe wote tena ili majibu yasomwe. Wala mtu asijaribu kumtibu ng'ombe kwa vidonge vya watu, maana hivyo ndivyo vijidudu vifundishwavyo ukaidi.

Twajua kuchinja ng'ombe mgonjwa ni hasara chungu. Lakini ng'ombe mmoja aweza kuambukiza zizi zima, na maziwa yake yakamfikia mtoto asiyejua lolote. Wakubwa wa vijiji na walimu wakiwaeleza watu sababu hizi, twatumaini hakuna atakayeona sufuria ya kuchemshia maziwa kuwa ni taabu.